Pikipiki ya marehemu babu na daftari la mama

Kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti chake. Ndivyo ilivyokutwa Honda CG125 ya mzee mmoja wa Muheza, bwana shamba mstaafu, miaka sita baada ya yeye kuzikwa. Ilikuwa imeegemezwa ukutani chini ya kibanda cha makuti, matairi yamekaa chini, tanki limeota kutu, na juu ya kiti kuna mayai manne. Mwanawe, mtumishi wa halmashauri anayeishi Chumbageni, Tanga, aliipakia kwenye Kirikuu na kuja nayo nyumbani Ijumaa jioni. Mkewe alisimama mlangoni akauliza swali moja tu.

"Baba watoto, hicho chuma kinakuja kufanya nini hapa?"

"Cha kupitishia muda tu, wikiendi," akajibu mume.

Jibu hilo linajulikana katika nyumba nyingi. Kuna wanaume wa mpira, kuna wa bao, kuna wanaofuga njiwa. Na wapo wachache ambao ugonjwa wao ni mashine za zamani: redio za mbao, saa za ukutani, cherehani, pikipiki. Hawa si wanywaji, hawarudi usiku wa manane, na kwa hiyo hujiona hawana kosa lolote. Mke akilalamika, mume humshangaa: si niko hapa hapa uani? Lakini kuwa uani na kuwa nyumbani ni vitu viwili tofauti, na mama huyo wa Chumbageni alilijua hilo mapema kuliko mumewe.

Pikipiki yenyewe haikuwa chaguo baya. Honda ilianza kuuza CG125 mwaka 1976, na iliitengeneza ikiwa na nchi kama zetu kichwani. Wahandisi walikuwa wameona kwamba katika nchi hizo pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na oili hubadilishwa kwa kuchelewa, au haibadilishwi kabisa, na injini ambazo kemshafti yake iko juu ya silinda zilikuwa zinakufa. Wakaishusha kemshafti chini, karibu na ilipo oili, na kuacha valvu zisukumwe na vijiti vyembamba. Injini hiyo ikawa haifi kirahisi. Wachina waliinakili, na hadi leo bodaboda nyingi zinazopita barabarani zina injini ambayo ni mjukuu wa hiyo Honda. Faida kwa mwenye pikipiki ya zamani ni kwamba baadhi ya spea anazipata kwenye maduka yale yale wanakonunua vijana wa bodaboda. Anayefufua pikipiki ya Kiingereza ya miaka ya hamsini hana bahati hiyo. Yeye huagiza kutoka ng'ambo na kulipa kwa machozi.

Kabla ya spana ya kwanza kushikwa, palikuwa na jambo ambalo familia nyingi huliruka. Pikipiki ya marehemu ni mali ya mirathi. Kadi ilikuwa bado ina jina la mzee, na shangazi mmoja wa watoto alikuwa amekwisha kuuliza kwenye simu kama ndugu yake "amejigawia". Bahati nzuri msimamizi wa mirathi alikuwepo na mahakama ya mwanzo ilikwisha kumtambua. Ndugu walikaa, wakakubaliana thamani, na wenzake walipewa haki yao kabla kadi haijapelekwa TRA kubadilishwa jina. Asiyefanya hivyo anaweza kutengeneza pikipiki miaka miwili, kisha siku inapong'aa ndipo wenye mali wanajitokeza.

Kazi ikaanza. Jumamosi asubuhi baada ya chai baba aliondoka mezani, na hakuonekana tena hadi adhuhuri, akaja mikono myeusi, akala, akarudi. Kijana wake wa miaka 11, wa darasa la tano, aliitwa kusaidia. Kusaidia kwenyewe kulikuwa kushika tochi.

Kila mtu mzima aliyewahi kumshikia baba yake tochi anaikumbuka kazi hiyo. Mkono unauma, mwanga unahama, baba anafoka: "Mulika hapa! Hapa ninapofanya kazi, siyo huko!" Mtoto haoni kinachofanyika kwa sababu mgongo wa baba umeziba. Kumshikisha mtoto tochi saa mbili si kumfundisha ufundi, ni kumfundisha kuuchukia. Jumamosi ya tatu kijana alikuwa na homa. Ya nne alikuwa na kazi ya shule ambayo haikuwahi kusikika kabla ya hapo. Baba akanung'unika kwamba watoto wa siku hizi hawapendi kazi za mikono, wanapenda simu.

Mzozo wenyewe ulipasuka kwa sababu ya chupa.

Baba alikuwa amemwaga petroli ya zamani kutoka kwenye kabureta, imegeuka rangi na kunuka kama vanishi, akaihifadhi kwenye chupa ya maji ya kunywa ili aoshee vyuma. Akaiweka dirishani. Kitindamimba wa nyumba hiyo, mwenye miaka minne, alitoka kucheza juani ana kiu, akapanda ndoo, akaishika. Mama alimkuta kizibo kimeshafunguka na chupa iko kidevuni. Hakuwa amemeza. Nguo tu ndiyo iliyolowa.

Wazazi wanapaswa kulijua hili hata kama hawana pikipiki, maana mafuta ya taa nayo hukaa kwenye chupa za soda katika nyumba nyingi. Mtoto akimeza petroli au mafuta ya taa, asitapishwe. Hatari kubwa ya mafuta haya ni kuingia kwenye mapafu, na kumtapisha huyapa nafasi ya pili ya kuingia huko. Kumnywesha maziwa nako si dawa. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe ngozi kwa maji na sabuni, akimbizwe hospitali, na chupa ichukuliwe ili daktari aone ni kitu gani. Akiwa anakohoa au anapumua kwa shida, kila dakika ina thamani. Na petroli ikae kwenye dumu lake lenye alama, nje ya nyumba, juu, penye kufuli. Isikae kamwe kwenye chombo ambacho mtoto amezoea kukiona mezani.

Siku hiyo mama hakupiga kelele. Alimwogesha mtoto, akambadilisha nguo, kisha akaingia chumbani akatoka na daftari la kaunta lililobaki muhula uliopita. Akalipiga mistari.

Kwa miezi mitatu alijaza daftari hilo bila kusema neno. Safu ya kwanza: pesa. Safu ya pili: saa. Aliandika ringi za pistoni, aliandika tyubu, aliandika nauli ya kwenda Muheza kutafuta boksi la spana la marehemu ambalo halikupatikana. Mwisho wa mwezi wa tatu, baada ya watoto kulala, aliliweka mbele ya mumewe. Jumla ilikuwa Sh387,000 na saa 74. Palikuwa na safu ya tatu, yenye kichwa "Saa na watoto". Hiyo ilikuwa tupu kuanzia juu hadi chini.

Mume akaanza na pesa, kama wanaume wengi wafanyavyo, maana pesa ina majibu. Mbona fulani anamaliza zaidi ya hizo kwenye bia? Mke akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba haikatai pikipiki ya baba mkwe, naye alimpenda mzee. Anachokataa ni kuwa na mume ambaye Jumamosi yuko umbali wa hatua kumi na watoto wake hawamfikii. Na akaongeza jambo ambalo mume alilijua lakini hawakuwa wakilitaja: kaka yake alikatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda, na kila injini ya pikipiki inapowaka karibu na nyumba yeye huiona ile wodi.

Hapa ingekuwa rahisi kusema kwamba mume angeiuza tu. Huenda nyumba nyingine ndiyo njia. Lakini kitu cha mzazi aliyefariki hakiuziki kama kabati, na mama huyo hakuomba kiuzwe. Walichokubaliana usiku huo kilikuwa kidogo na cha kupimika. Matumizi ya pikipiki yasizidi Sh40,000 kwa mwezi, zisizotumika zihamie mwezi unaofuata, na zisitoke kwenye fungu la shule wala la chakula. Kazi iishe saa saba mchana. Petroli ikafungiwe. Na safu ya tatu ijazwe.

Aliyeanza kuijaza hakuwa kijana wa tochi. Alikuwa dada yake wa miaka 14, ambaye hakuna aliyemwita. Alipita uani na beseni la nguo, akaiona plagi juu ya gazeti, akauliza kwa nini ni nyeusi tii.

Swali zuri kuliko hilo mwenye pikipiki hawezi kuulizwa. Plagi ni kama ulimi wa mgonjwa. Ikitoka na rangi ya kahawia hafifu, injini inakula vizuri. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli ni nyingi kuliko hewa. Ikiwa nyeusi na imelowa oili, ringi au valvu zimechoka. Baba alieleza, binti akaweka beseni chini. Fundi wa jirani aliyekuwa amekaa kwenye tofali akatania kwamba mtoto wa kike ataharibu kucha. Hakujibiwa, na ndivyo ilivyostahili.

Tangu hapo ufundi ulikwenda kwa namna nyingine. Kabureta ilifunguliwa mezani, siyo chini ya mgongo wa baba. Binti ndiye aliyeinua jeti juani na kugundua kwamba tundu lake, ambalo ni dogo kuliko kichwa cha pini, lilikuwa limeziba. Baba akamwonyesha kulizibua kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Pini ya chuma haifai, hulipanua tundu, na tundu likipanuka injini itakunywa petroli milele. Tanki lililala siku nzima na siki na kiganja cha kokoto ndani, likitikiswa na kijana wa darasa la tano, ambaye kumbe hakuchukia kazi bali tochi. Likasuuzwa kwa maji ya magadi, likakaushwa juani, likapakwa oili ndani siku hiyo hiyo. Tanga ni mji wa upepo wa chumvi: chuma kitupu kikilala usiku mmoja, asubuhi kina rangi ya chungwa.

Kazi iliyowachukua muda mrefu ilikuwa valvu. Nafasi inayotakiwa kati ya valvu na kile kinachoisukuma ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na hupimwa injini ikiwa baridi. Ukikaza sana valvu huungua, ukilegeza sana injini hulia kama cherehani. Baba alipima mara tatu akapata majibu matatu. Binti alipima mara moja, kwa sababu alikuwa na subira ya kusubiri pistoni ifike juu kabisa.

Kazi moja hawakupewa watoto, nayo ni breki za ngoma. Vitambaa vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake likivutwa hudhuru mapafu miaka mingi baadaye. Mafundi wetu wengi hufungua ngoma na kupuliza kwa mdomo. Baba alilowesha kwanza, akafuta kwa kitambaa chenye maji, akakifunga kwenye mfuko akakitupa, na watoto walikuwa ndani. Ni jambo la dakika kumi tu, lakini mafundi wachache hulifanya.

Injini iliwaka Jumapili moja baada ya kiki ya kumi na kitu. Ilitoa moshi wa bluu, ikakohoa, ikazima, ikawaka tena na kutulia kwenye ule mdundo wake. Bibi mmoja jirani aliyewahi kumfahamu mzee alitoka barazani akaweka mkono kifuani. "Hiyo si sauti ya bwana shamba?" Baba wa nyumba aligeuka akajifanya anatafuta spana.

Mke naye alitoka. Hakukasirika, hakufurahi. Aliangalia mguu wa kijana wake uliokuwa karibu na ekzosi akamwambia asogee. Alikuwa na haki: jeraha la kawaida kabisa la mtoto na pikipiki si la barabarani, ni ndama ya mguu kugusa bomba la moshi. Dawa yake ni maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, siyo dawa ya meno wala unga.

Kuwaka kwa injini kulizusha swali lililokuwa likikwepwa: sasa itapandwa na nani? Wiki mbili mbele kulikuwa na khitma ya mzee huko Muheza, na baba alikuwa ameshajiona akiingia uani kwao kwa Honda ile ile, kijana wake nyuma. Hakumwambia mtu. Alinunua kofia ngumu mpya ya kwake. Hapo alifanya vizuri, maana ile ya marehemu sponji yake ilikuwa inapukutika kama makapi. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2008 yalikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo cha mwendesha pikipiki anayepata ajali kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini ya kijana hakununua. Alipanga kuazima.

Wakati huo daftari lilikuwa limebadilika kazi. Kurasa za nyuma binti alikuwa ameanzisha orodha yake: oili, cheni, breki ya mbele, ya nyuma, taa, matairi. Chini ya kila ukurasa paliandikwa "Imekaguliwa na". Ijumaa kabla ya khitma baba alimpa akague na kusaini. Akasaini kila kitu, isipokuwa matairi.

"Tairi zima hili," baba akasema. "Angalia meno yake."

Meno yalikuwa mazuri kweli, mzee hakuwa akienda mbali miaka yake ya mwisho. Binti akaonyesha pembeni ya tairi, palipochongwa tarakimu nne: 1109. Matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 hubeba alama hiyo: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 11, mwaka 2009. Mpira huzeeka hata usipotembea, na ukikaa miaka juani chini ya makuti huzeeka upesi. Yeye alikuwa ameona nyufa ndogo karibu na rimu.

Baba akasema ni kilomita chache. Si chache: Tanga hadi Muheza ni zaidi ya 30, na sehemu ya njia, kupitia Pongwe, unagawana barabara na malori ya saruji. Akasema atakwenda polepole. Akachukua kalamu mwenyewe. Mkewe alikuwa amesimama na kijana, ambaye tayari alikuwa amevaa viatu vya safari kwa kujaribu, na hapo ndipo alipofahamu mpango wenyewe ulikuwa upi. Hakusema kitu. Alimshika kijana begani tu.

Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu. Kisha baba aliiweka chini, akatoka bila kuaga, na watu wa ndani wakasikia spana. Ilikuwa karibu saa tatu usiku alipoingia na tairi la nyuma mkononi. Aliligeuza ndani nje juu ya meza ya chakula. Upande wa ndani nyuzi zilikuwa zimeachana kwa urefu wa kiganja, na tyubu ilikuwa imeanza kuchungulia hapo.

Walikwenda Muheza kwa gari la abiria, watano wote. Baba mdogo mmoja aliuliza mbele za watu ilipo Honda ya marehemu, maana walikuwa wamesikia inawaka.

"Binti yangu hajaipitisha," akajibu.

Wengine walicheka. Yeye hakucheka.

Kwa Sh40,000 za mwezi, matairi mawili na tyubu zake vilichukua muda kupatikana, na bima ikachukua mwezi mwingine. Taa bado ni ile ya volti 6, inayofifia kila injini inapopunguza kasi, kwa hiyo imeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza kwamba pikipiki haitoki baada ya jua kuzama. Kuhusu abiria, mama ndiye aliyetoa masharti: miguu ifike kwenye vikanyagio na ikae hapo yenyewe, na kofia iwe ya saizi ya kichwa chenyewe, siyo ya kuazima. Kijana hupimwa kila mwisho wa mwezi akiwa amekaa kwenye kiti, pikipiki imesimamishwa kwa stendi, na bado soli zake zinaning'inia. Anakula ugali kwa bidii.

Safari ya kwanza ilikuwa Jumapili asubuhi, baba peke yake, kwenda Raskazone ufukweni na kurudi. Binti aliandika kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Mama alilichukua daftari kutoka kwake, akatazama saa ya ukutani, akaandika: kutoka, saa 1:10. Kisha akaketi barazani na daftari magotini, hakuingia ndani hata chai ilipoiva, hadi alipoandika mstari wa pili: kurudi, saa 1:52.